Kuvua Juu ya Mashamba

Katika ghuba za Ziwa Kariba, upande wa hifadhi ya Matusadona, miti ya mopane imesimama majini tangu mwisho wa miaka ya 1950. Imekufa lakini haijaanguka. Magome yalibanduka zamani, jua limeipausha ikabaki na weupe wa mfupa, na maji yameacha alama zake kwenye mashina, za juu miaka ya mvua, za chini miaka ya ukame. Mnandi hutua hapo kuanika mbawa. Furukombe huita kutoka tawi la juu kabisa. Na kwenye matawi ya chini, pale mkono wa mtu aliye mashuani unapofika, huning'inia kitu ambacho si cha ndege wala si cha mti: kipande cha mshipi wa nailoni, waya mfupi wa chuma, na chambo cha bati chenye ndoano ya ncha tatu. Mvuvi alirusha, mkono ukapitiliza kidogo, mti ukashika. Akavuta, akalegeza, akavuta tena, mshipi ukakatika, naye akawasha injini akaenda kutafuta ghuba nyingine. Chambo kikabaki kikimetameta juani.

Mti ule haukuota majini. Uliota nchi kavu, katika bonde la Gwembe, mbuzi wakila majani yake na wanawake wakiokota kuni chini yake. Ndoano iliyonasa pale imenasa katika zama nyingine. Ndiyo maana picha hiyo hunijia kila nisikiapo watu wakisifia uvuvi wa burudani katika mabwawa ya umeme: upana wa maji, ukali wa samaki, wekundu wa machweo, usiku wa kulala ndani ya mashua. Sifa hizo zote ni za kweli. Lakini juu ya maji yaliyozuiwa na ukuta hakuna mtu anayerusha ndoano mahali patupu. Chini yake pana njia, pana mashamba, pana makaburi. Mshipi wake, hata uwe mwembamba namna gani, umeunganisha mkono wake na mambo hayo.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, ila neno lao latosha hata ziwa zima. Kariba iliundwa. Kazi ilianza mwaka 1955 katika korongo ambalo leo ni mpaka wa Zambia na Zimbabwe, nchi zote mbili zikiwa wakati huo ndani ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Wahandisi waliinua ukuta wa zege uliopinda, wenye kimo cha mita 128. Mto Zambezi ulikataa. Mwaka 1957 ulikuja na mafuriko, na mwaka 1958 ukaja na makubwa zaidi, ukafagia daraja na kuta za muda, na Watonga wa bondeni wakasema kwamba Nyaminyami, joka la mto lenye kichwa cha samaki, amekasirika. Wafanyakazi 86 walipoteza maisha. Hata hivyo mto ulizibwa Desemba 1958, umeme wa kwanza ukatoka mwishoni mwa mwaka uliofuata, na Mei 1960 Malkia Mama Elizabeth akafunga safari kutoka Uingereza kuja kufanya ufunguzi. Maji yaliendelea kupanda hadi 1963. Yalipotulia yalikuwa yamefunika zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na ujazo wake ulikuwa takriban kilomita za ujazo 180. Hadi leo hakuna bwawa lililojengwa na binadamu linaloshika maji mengi kuliko hilo.

Ujenzi huo ulisimama juu ya mikopo miwili. Wa kwanza umeandikwa vitabuni: mwaka 1956 Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 80, mkopo mkubwa kuliko wowote iliokuwa imetoa hadi siku hiyo. Mkopo huo ulikuwa na karatasi, sahihi, riba na tarehe za kulipa. Wa pili ulichukuliwa kwa Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili, na haukuwa na karatasi walizozielewa wala tarehe ya kulipwa. Msomaji wa Rufiji atajua mara moja walipoteza nini, kwa kuwa nao walikuwa watu wa mlau. Mto ukijaa hutandaza tope. Ukishuka, mtu hupanda katika unyevu uliobaki, na hivyo hupata mavuno hata pale mvua inapomgeuka. Waliacha mashamba hayo. Waliacha makaburi ya wazee na malende, mahali pao pa kuombea mvua, na hakuna lori linaloweza kubeba mahali pa kuombea mvua. Kijijini kwa Chisomu, Septemba 1958, watu walikataa kuondoka wakasimama na mikuki mbele ya polisi wenye bunduki. Wanane waliuawa. Watu wa eneo hilo walipakiwa wakapelekwa Lusitu, mbali, chini ya ukuta, kwenye ardhi ngumu ambako kuhara damu kuliwamaliza watoto. Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliofika bondeni mwaka 1956 kabla ya maji, walikaa na Watonga na kuandika habari zao kwa miongo mingi, na Scudder akaishia kuwa mmoja wa wakosoaji wakubwa wa mabwawa makubwa duniani. Aliyaona mambo hayo kwa macho yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo nyaya za umeme zilipita juu ya vijiji vya waliohamishwa zikienda kuwasha migodi ya shaba na miji, na chini ya nyaya watu wakala chakula cha jioni kwa mwanga wa koroboi.

Juu ya mkopo huo anaogelea samaki mzuri, wala tusione haya kumsifu. Walozi wa juu ya mto humwita ngweshi, na jina hilo lanitosha. Mwili wake ni wa fedha, umechorwa mistari myeusi kutoka shavuni hadi mkiani, na mapezi yake yana wekundu wa moto. Meno yake hayafichiki: ni marefu, makali, na hupishana anapofunga kinywa. Mshipi wa nailoni haumwezi, ndiyo maana mvuvi hutanguliza waya mbele ya ndoano. Kinywa chake ni mfupa mtupu, chuma hakipati nyama ya kushika, na akishahisi kuvutwa huruka juu ya maji, akatikisa kichwa hewani, na mara nyingi ndoano hurudi peke yake huku mtu amebaki ameinua ufito, moyo ukimdunda. Anawinda kwa mbio, mchana kweupe. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ushahidi kutoka bwawa la Schroda, kaskazini mwa Afrika Kusini, kwamba huwanyakua mbayuwayu wangali angani, wakipita chini juu ya maji. Fikiria safari ya ndege mdogo huyo, aliyevuka bahari na jangwa kutoka Ulaya, ikiishia katika kinywa kilichotoka chini bila taarifa. Kariba ndiko alikovuliwa ngweshi wa kilo 16.1, Septemba 2001, na uzito huo ukaandikwa kuwa rekodi ya dunia. Tangu miaka ya 1960 wavuvi hukusanyika karibu na mji wa Kariba kwa mashindano ya mwezi wa Oktoba, joto likiwa limepamba moto kabla ya mvua. Anayewauliza wanatafuta nini hatapata jibu refu. Watamwonyesha mikono inayotetemeka.

Lakini ngweshi wa Kariba amenenepa kwa chakula kilichotoka mbali, na hapa ndipo habari inapobisha hodi kwa msomaji wa Kiswahili. Mto ulipogeuzwa ziwa, samaki wa mto walibaki kandokando, kwenye vina vifupi na kwenye miti iliyozama, maana hawakuwa wameumbwa kwa maji mapana yasiyo na mkondo. Katikati kulikuwa na nafasi kubwa isiyo na mkaaji. Basi mwaka 1967 na 1968 vifaranga vya samaki wadogo vilichukuliwa Ziwa Tanganyika, vikapandishwa ndege, vikaja kumwagwa Kariba. Walikuwa lumbu, mmoja wa wale samaki wadogo wanaoanikwa kwenye fukwe za Kigoma na kuuzwa katika masoko yetu kwa jina la dagaa. Huko kusini wanaitwa kapenta. Mgeni njoo, mwenyeji apone: walizaana, wakaenea ziwa zima, na haikupita miaka mingi tumbo la ngweshi likawa limejaa dagaa wa Tanganyika. Watu nao wakafuata. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, vyombo vya Kariba huwasha taa juu ya wavu na kungoja, kwa maarifa yale yale ya wavuvi wa Kigoma na karabai zao, na asubuhi samaki huanikwa juani, wakawa kitoweo cha watu wa kipato kidogo kutoka Lusaka hadi Harare. Ugenini walipungua umbo, wakawa wadogo kuliko ndugu zao wa Tanganyika, lakini hawakupungua nguvu. Wengine walinyonywa na mitambo ya umeme, wakapita katikati ya mapanga yanayozunguka, wakatoka hai upande wa pili, wakateremka na mto hadi Msumbiji, na bwawa la Cahora Bassa lilipojaa katikati ya miaka ya 1970 wakaanzisha ukoo mpya huko. Safari hiyo hakuna aliyewabeba.

Nawafikiria sana samaki hao. Picha inayotundikwa ukutani kwenye nyumba za wageni ni ya ngweshi, meno wazi, ameshikwa kwa mikono miwili na mtu mwenye furaha. Dagaa hatundikwi. Lakini uzito unaopimwa kwenye mizani ni wa dagaa, maelfu kwa maelfu, waliogeuzwa kuwa msuli na mbio. Na ndivyo mambo yalivyo karibu kila penye fahari: chini ya kimoja kinachoonekana wamelala wengi wasiohesabiwa. Bwawa lenyewe ni hivyo. Ukuta hupigwa picha, ukapewa jina la mahali au la mkubwa, na wageni wakapelekwa kuutazama kutoka juu. Aliyehamishwa akalipia ukuta huo kwa shamba lake hana picha pale. Anayependa uvuvi, akitulia, anaweza kuelewa jambo hili kuliko watu wengine, kwa sababu yeye anajua mkubwa hula nini.

Lipo pia swali la mchezo wenyewe, na si swali la kukwepa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kumchoma kiumbe ndoano kinywani, kumchosha hadi alale ubavu, kumwinua, kisha kumrudisha majini bila kumla: kuna wanaoona ni ukatili uliovikwa nguo safi. Mama anayeuza samaki wa kuchoma kando ya ziwa atashangaa zaidi. Kwake samaki ni ada ya shule na mafuta ya taa, na kumtupa tena majini ni kutupa fedha. Siwezi kuyapuuza maneno ya yeyote kati yao. Hata hivyo najua kwamba furaha ya mshipi haikuletwa na wageni wala haiuzwi dukani. Mtoto wa kando ya ziwa, wa Binga au wa Siavonga, mwenye ufito, uzi na nyungunyungu aliowachimba mwenyewe, akiona uzi wake umekazwa na kitu asichokiona, hushikwa na mshtuko ule ule unaomshika tajiri kwenye mashua ya injini mbili. Ni mshtuko wa kuguswa na uhai uliofichika. Kwa muda mfupi maji yanakuwa na nia, yanavuta, yanajibu. Mtu aliyewahi kuguswa hivyo haangalii tena maji kwa macho ya awali, na nadhani dunia inawahitaji watu wa namna hiyo, mradi wasiishie hapo.

Maana wavuvi hawa wamejifunza mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyajui. La kwanza ni kurudisha. Yule anayeijua kazi hulowesha mikono kabla ya kumshika ngweshi, hamweki kwenye sakafu ya moto ya mashua, hambani tumbo, hamkawizi hewani kwa ajili ya picha, na humshika majini, kichwa kikiwa kimeelekea mkondo, hadi mkia upate nguvu ya kuondoka wenyewe. Anafanya hivyo kwa kuwa anajua samaki huyo si wake peke yake. Mvua zikija, jike kama huyo atapanda mto, labda Sanyati, kutaga mayai, na asiyemrudisha leo amewanyang'anya wa mwakani. Huo ni uadilifu kamili: chukua furaha yako, usichukue mzizi. Nimewahi kusikia hotuba nyingi juu ya maendeleo zisizofika pale anapofika mtu huyu aliyepiga magoti pembeni mwa mashua.

La pili ni kuisoma nchi iliyozama. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na wa Kariba ndiye ajuaye mto wa zamani ulipopita. Kwenye kioo cha mashine yake ndogo inayopima kina kwa mwangwi huiona sakafu: huu ndio mfereji wa kale wa Zambezi, hili bega la kilima, hapa kijito kiliungana na mto, pale ni msitu uliosimama. Samaki huzifuata njia hizo hata sasa, hivyo mvuvi naye huzifuata. Sehemu nyingine chini ni tupu, kwa kuwa kabla ya maji matingatinga yalipita yakiburuta minyororo na mpira mkubwa wa chuma, yakilaza miti ili nyavu zije zipate pa kutupwa. Sehemu nyingine msitu uliachwa. Mvuvi mwenye uzoefu atakueleza habari za ardhi ambayo hajapata kuikanyaga, miteremko yake na mabonde yake, kwa usahihi wa mtu aliyezaliwa pale. Anaijua ramani ya Gwembe ya kale. Kilichokosekana kwenye kioo chake ni majina tu: shamba hili lilikuwa la ukoo gani, kijito hiki kiliitwaje, na chini ya mti ule alizikwa nani. Majina hayo yapo. Wazee waliokuwa watoto wakati wa kuhama bado wako Lusitu, Binga na Sinazongwe, na wengine wanayakumbuka. Hakuna mashine inayoweza kuyaleta, ila swali la mgeni mwenye adabu linaweza.

Zamani hizo hizo za kufurika kwa bonde kulikuwa na huruma kubwa, na inafaa kuitaja kwa heshima. Kuanzia 1958 hadi 1964, vilima vilipogeuka visiwa, Rupert Fothergill na wenzake walizunguka na mashua wakiwaokoa wanyama walionaswa, wakavua nyoka kutoka mitini, wakafunga swala miguu wakawabeba, wakaogelea kando ya vifaru. Kazi hiyo ilipewa jina la Nuhu, na wanyama zaidi ya 6,000 walifikishwa nchi kavu, wengi wao huko ambako leo ni Matusadona. Dunia ilisoma magazetini ikatokwa na machozi. Walistahili machozi hayo. Lakini katika safina ile ya habari Watonga hawakupewa chumba kikubwa. Baadaye sehemu kubwa ya ukingo wa kusini ikawa hifadhi, na watu waliokuwa wa mto wakajikuta wakihitaji kibali ili kuyafikia maji. Sisemi haya ili swala atolewe mashuani. Nasema kwamba huruma iliyotosha kuokoa nyoka ilikuwa na nafasi ya kutosha kumsikiliza mkulima.

Na maji yenyewe hayana utulivu tunaodhani. Ziwa la bwawa hupumua kwa amri. Kiwango cha Kariba huruhusiwa kucheza kati ya mita 475.5 na 488.5 juu ya usawa wa bahari. Chini ya hapo mitambo haizungushwi. Mvua za Angola na za magharibi mwa Zambia huchukua miezi kufika, na zikikosa kufika mwaka mmoja, watu wa nchi mbili huonja giza. Mwishoni mwa 2022 maji yanayoweza kutumika kwa umeme yalishuka chini ya asilimia 1. Mwaka 2024, baada ya ukame mkubwa, nyumba za Zambia zilikaa bila umeme sehemu kubwa ya siku. Ghuba alimovua mtu mwaka jana zikawa matope yaliyopasuka, mashua zikaegemea ubavu, visiki vikatoka nje. Katika miaka ya namna hiyo wenyeji hushuka kwenye ukanda ulioachwa na ziwa, wakapanda mahindi na mboga katika unyevu, wakirudia mlau wa babu zao kwa msimu mmoja au miwili, hadi maji yatakaporudi. Ukame unaomnyima mtu wa mjini taa unamrejeshea mwenyeji kipande cha shamba. Sijui kitu kinachoonyesha wazi zaidi jinsi ziwa hilo lilivyo la mkopo: likipungua, mwenye mali huonekana.

Kwetu Tanzania jambo hili la kuzuia mto limekwisha kufika. Tarehe 22 Desemba 2022 maji ya Rufiji yalianza kuzuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115 ambao nchi imeusubiri tangu enzi za Mwalimu mwenyewe. Rufiji ina ngweshi wake, na hata jamii ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 1986 na kuipa jina la Tanzania, inayopatikana Rufiji na Ruvu. Wavuvi wa burudani kutoka ng'ambo wamekuwa wakimfuata ndugu yake katika mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, ambayo maji yake huishia Rufiji. Hatuhitaji utabiri mwingi kuona kwamba siku moja mashua za starehe zitaelea juu ya bwawa jipya. Watakaokuja wataambiwa kwamba hapa hapakuwa na mtu, palikuwa hifadhi. Ni kweli kwamba Rufiji haikuwa na Gwembe ya kuhamisha. Lakini nchi ile ina watu katika historia yake. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wengi wa upande wa Liwale, na ardhi yao ikaachiwa wanyama. Ngarambe haiko mbali, mahali ambapo, kwa simulizi za wazee, Kinjikitile Ngwale aliingia katika dimbwi la maji mwaka 1904 akatoka mkavu, na jina la Hongo, roho wa mto, likawakusanya watu kupigana na Wajerumani. Na chini ya ukuta, hadi kwenye mikoko ya delta, wako wakulima wa mlau ambao mafuriko ya Rufiji yalikuwa kalenda yao. Sasa kalenda hiyo iko mikononi mwa wanaofungua na kufunga milango. Kariba imetuonyesha kwamba kuwasahau watu hao ni rahisi sana, kwa kuwa wako mbali na ukuta na picha hazipigwi huko.

Umeme ni wa lazima. Mtoto anayesoma kwa taa safi, wodi ya wazazi isiyozimika usiku, mashine ya kusaga inayounguruma kijijini, hivyo vyote ni haki, na siwezi kusimama juu ya jukwaa la huzuni nikavilaani. Maji yakimwagika hayazoleki. Maji yakizuiwa nayo hayaamuliwi upya kila asubuhi. Kariba haitabomolewa ili mashamba yarudi, wala Rufiji haitafunguliwa. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna ya kuishi na mkopo tuliokwisha kuuchukua, nasi tunajua wahenga walivyokata shauri hilo: dawa ya deni ni kulipa.

Basi kwako wewe unayependa mshipi na ufito, uliye Siavonga au Mwanza au Morogoro, nina ombi. Unapokwenda kuvua katika maji yaliyozuiwa, uliza kwanza nani alikaa hapo, na umwulize mtu wa hapo. Mwajiri kijana wa kijiji kilichohamishwa akuongoze, umlipe ujira wa mtaalamu, kwa kuwa mtaalamu ni yeye. Unapolipa ada ya kibali, dai kwa sauti kwamba sehemu yake ifike shule na zahanati ya waliotoa ardhi, na ulidai jambo hilo hadharani, pamoja na wavuvi wenzako, hadi liwe sheria. Na wewe unayepanga utalii wa Rufiji, weka watu wa mlau mezani kabla ya mashua ya kwanza kushushwa, maana baada ya hapo kila kiti kitakuwa na mwenyewe. Ukiweza kumrudisha samaki majini kwa mikono miwili iliyoloweshwa, unaweza pia kumrudishia mwenye shamba stahili yake. Hilo si hisani. Ni malipo, na yamechelewa.